Ratiba Iliyoliwa na Kobe

Msafiri aliye peke yake humtumikia bwana mmoja tu, ambaye ni saa iliyo mkononi mwake, na msafiri aliyefuatana na mkewe humtumikia bwana huyo huyo kwa idhini ya mkewe; lakini baba anayekwenda kuzuru kisiwa pamoja na watoto wake huingia chini ya mamlaka mbili zisizosoma saa ya mtu yeyote. Ya kwanza ni bahari, ambayo hujaa na kupwa kwa hesabu ya mwezi; ya pili ni tumbo la mtoto, ambalo hujaa na kupwa bila ya hesabu yoyote iliyopata kujulikana na wanafalaki.

Mimi nilikuwa nimejizatiti kwa zote mbili. Madhali kazi ya ukarani imenilea katika imani kwamba jambo lililoandikwa limekwisha kutendeka nusu yake, tulipoazimia kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika likizo ya shule ya mwezi wa Juni, niliandika ratiba juu ya karatasi nzuri yenye mistari, kwa wino wa rangi mbili, mweusi kwa mambo ya faradhi na mwekundu kwa mambo ya sunna, nikaigawia historia sehemu yake, na elimu ya mimea sehemu yake, na chakula, na haja ndogo, kila jambo na dakika zake maalumu. Hata kupumzika nilikuandikia: saa 10 hadi saa 10 na nusu, kwa wino mwekundu. Mama watoto aliisoma yote kwa makini, akaikunja, akanirudishia, kisha akaniuliza swali moja tu: “Watoto wameiona?”

Bahari haikungoja tufike ndipo idai haki yake. Juni ni mwezi wa kusi, na katika mwendo ule wa kiasi cha saa mbili mawimbi huichezea boti yatakavyo. Kabla ya kung'oa nanga mhudumu alipita akigawa vifuko vidogo kwa utulivu wa mtu ambaye hana shaka kwamba anachokigawa kitatumika. Kifunguamimba wangu, ambaye hapendi kuona kitu cha bure kikipotea, alichukua vifuko vya jamaa nzima, akavitia karanga, na wakati vilipohitajika hasa hapakuwa na hata kimoja kitupu. Wapo watakaosimulia kwamba mimi niliugua. Hapana, mimi ni mjukuu wa baharia, na niliinamisha kichwa muda mrefu kwa sababu ya kuitafakari sakafu tu, nayo ilikuwa sakafu yenye mengi ya kutafakariwa.

Tuliposhuka Unguja, jambo la kwanza la faradhi lilikuwa Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, ambalo liliishangaza pwani nzima kwa adhama yake, na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kifunguamimba alipouona ubavu wake uliobomoka alisema upesi, kama ilivyo ada yake mbele ya kitu chochote kilichovunjika, “Si mimi.” Nikawasimamisha watoto safu moja, mashua za Forodhani mbele yao na tarikh nyuma yao, nikaanza kuwasimulia habari za Agosti 27, 1896, siku ambayo Sayyid Khalid bin Barghash alikataa kuondoka katika kasri, manowari za Kiingereza zikafungua mizinga saa 3 asubuhi, na kabla ya kutimia saa 4 mambo yakawa yamekwisha, vita ambavyo huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Muda wake hutajwa kuwa dakika 40 hivi. Masimulizi yangu yaliupita muda huo, kwani mimi sikuwa na mizinga ya kunihimiza, na nilikuwa bado sijamfikisha Sayyid Khalid kwenye ubalozi wa Kijerumani alikokimbilia, wakati kitindamimba alipotangaza haja isiyokubali mapatano ya aina yoyote. Sayyid Khalid tulimwacha njiani, na mpaka hivi leo watoto wangu hawajui kama alifika salama.

Baada ya hapo tulipanda mashua kwenda Changuu, kisiwa kidogo kilicho mkabala wa mji, ambacho kina gereza lililojengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, na ambalo halikupata kufunga mfungwa, bali liligeuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi. Binti yangu wa kati, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia maswali kama alivyowajaalia wengine usingizi, alitaka kujua mlinzi wa gereza lisilo na mfungwa alikuwa akifanya nini kutwa. Nikamjibu kuwa alikuwa akipokea mshahara. Akatafakari, akasema atakapokuwa mkubwa ataiomba kazi hiyo, na kwa kuwa mimi ni karani wa miaka mingi sikuona hoja ya kumzuia.

Lakini fahari ya Changuu ni kobe wake, majitu yenye asili ya Aldabra katika visiwa vya Shelisheli, ambao wazee wao wa kwanza waliletwa kwa zawadi mwaka 1919. Dume lililokomaa huweza kupita kilo 200, na umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi juu ya gamba lake ili mgeni asitaabike kuuliza. Desturi hiyo iliwapendeza watoto kupita kiasi. Kitindamimba alizunguka taratibu nyuma ya mama yake kutafuta tarakimu, asizione, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wageni wa mataifa yote ya dunia, “Mama wamekuandika wapi?” Mama watoto akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeandika ratiba ya kumzaa.

Kwa ajili ya kuituliza hali ile nilinunua kitita cha mchicha, nikamnyooshea kobe mmoja aliyekwisha kuiona karne moja ikipita. Mkono wangu ulikuwa umeshika mchicha, na mkono huo huo ulikuwa umeshika ratiba. Kobe hasifiki kwa haraka, lakini pia hasifiki kwa kurudisha. Aliivuta karatasi pamoja na majani, akaitafuna kwa utulivu wa karani mkuu anayeupitia waraka, akazimaliza faradhi, akaingia katika sunna, na mapumziko yangu ya saa 10 nikayaona yakiteremka kooni mwake yakiwa na wino wake mwekundu. Niliposhika kipande kilichosalia na kukivuta, kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, nacho kikaenda naye. Binti wa kati, aliyekuwa ameinama akifuatilia jambo hilo kwa karibu, akanipa habari: “Baba, ameshafika Ijumaa.”

Tangu saa ile tukawa raia wa zile mamlaka mbili tu. Tuliuzuru msitu wa Jozani, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, kwa sababu kitindamimba alitaka kuona kima, wala si kwa sababu nyingine. Humo wamo kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani kama za mtu aliyeamshwa kwa ghafula, ambao asili yao ni Unguja na si mahali pengine popote. Mtembezi wetu, kijana mwenye maarifa na adabu, alitueleza kuwa baadhi ya kima hao, wanaokula majani ya miembe na mikungu katika mashamba ya jirani, hula na makaa, kwa maana makaa huzishika zile dawa kali zilizomo katika majani na kuyatuliza matumbo yao. Ilikuwa elimu nzuri, na kasoro yake ni kwamba ilisikiwa na watu wa vimo vyote. Magharibi ya siku hiyo tulimkuta kitindamimba nyuma ya nyumba tuliyopanga, amechuchumaa kando ya seredani, midomo myeusi, akiwa katika hali ya furaha kamili. Mama yake alipopiga ukelele nilimtuliza kwa kumkumbusha kwamba jambo hilo lina faida kwa tumbo, na kwamba tumesikia hivyo kwa masikio yetu. Yeye akanijibu kuwa katika jamaa yetu hakuna anayekula majani ya mkungu, na kuwa kama naona vyema nianze leo.

Ijumaa ilipofika, nilivaa kanzu nyeupe tangu asubuhi, nikiwa nimenuia kupita katika mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na kurudi mjini kwa sala. Pale nilipata fursa ya kuwaeleza watoto habari za karafuu, iliyoletwa kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na ambayo Sultani Sayyid Said aliifanya nguzo ya mali yake. Lakini mwenye shamba alikuwa na mbinu iliyoishinda yangu, kwani yeye hajichoshi kwa kusimulia, bali hukata jani au gome, akalifikicha, akampa mtoto alinuse na kulitambua. Mdalasini, iliki, kungumanga, pilipili manga, kifunguamimba alivipa vyote jibu moja, “Pilau!” na kwa bahati mbaya ya elimu hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amekosa.

Kisha tukafika penye mzingefuri. Tunda lake lina manyoya, na ukilipasua hukuta mbegu nyekundu ambazo rangi yake hutiwa katika vyakula, na mabibi huipaka midomoni. Watoto walipewa tunda kila mmoja, wakajipaka midomo, wakapaka mashavu, wakapaka viganja, na kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi, walinishika mgongoni kila walipotaka kuanguka. Sikuwa na habari. Nilifika msikitini kwa wakati, nikakaa safu ya mbele kama ipasavyo mgeni mwenye staha, na baada ya sala mzee mmoja aliyekuwa amesali nyuma yangu alinipa mkono kwa upole mwingi, akaniuliza, “Mwanangu, watoto hawajambo?” Nikamjibu, “Hawajambo, alhamdulillahi,” na njia nzima ya kurudi nikawa naustaajabia ukarimu wa watu wa Unguja, na zaidi firasa yao, kwani mzee yule hakupata kuniona kabla, wala sikumweleza kuwa nina watoto. Sababu ya firasa hiyo ilitundikwa baadaye juu ya kamba ya kuanikia nguo, ikiwa na viganja vyote vya pande zote, na haijatakata hadi leo.

Mwisho tukaenda Jambiani, pwani ya mashariki, kuogelea. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumekaa barazani tukiusifu mwezi, ambao ulikuwa mpevu, na kumbe tulikuwa tukimsifu mshitaki. Saa 4 asubuhi tuliteremka pwani tukiwa tumevaa nguo za kuogelea, tumejipaka mafuta, tumebeba maboya na taulo, tukakuta mchanga, na baada ya mchanga mchanga mwingine, na mbali sana, karibu na mwamba, mstari mweupe ambao ndio uliokuwa bahari. Binti wa kati akauliza nani aliyeichukua. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza dema akatucheka kidogo kwa adabu, akasema, “Yakhe, leo bamvua. Maji njooni muyatazame alasiri.” Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4, na katika pwani iliyo tambarare namna ile bahari hurudi nyuma kupita kilomita moja. Hesabu yangu ya saa 4, basi, ilikuwa sahihi kabisa. Bahari ndiyo haikuwapo.

Tukaifuata kwa miguu. Niliviacha viatu vyangu vya ngozi juu ya kijiwe, tukapita katikati ya mashamba ya mwani, vijiti na kamba, ambako akina mama walikuwa wameinama wakivuna. Kitindamimba akaokota mnyama wa pembe tano aitwaye kiti cha pweza, na alipolisikia jina lake akakataa kuondoka mpaka pweza mwenyewe aje akae. Tulimngoja pweza. Tulimngoja kwa heshima, watu wazima wawili na watoto watatu, tumevaa nguo za kuogelea mahali penye maji ya kifundo cha mguu, na pweza hakuja, lakini maji yalikuja, kimya, kutoka pande ambazo hatukuzitazamia, na tulikuwa bado tuko mbali na ufuko wakati mama mmoja mwenye gunia la mwani kichwani aliponiita, “Bwana we! Viatu vyako hivyo vyaenda Bara Hindi peke yao?” Kimoja tulikidiriki. Cha pili nakitakia safari njema.

Kwa hiyo namnasihi kila mwenye azma ya kuzuru kisiwa na watoto autazame mwezi kabla ya kuitazama ratiba, achague siku za maji mafu ikiwa viatu vyake ni vya thamani, achukue kanzu ya pili, ayafungie makaa kabatini, na mambo aliyoyaandika asiyasogeze karibu na mchicha. Akiyafanya hayo yote atapatwa na mengine, kwani watoto hawarudii. Na akitokea mtu akakuhadithia kuwa yeye alikwenda kisiwani na wanawe wote, akarudi amepumzika, usimbishie. Muulize tu, kwa adabu, huko kisiwani nani alikuwa akikaa nao.