Namna ya Kupigwa Vizuri Ukinunua Joistiki Kirumba

Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, asubuhi ukamtazame mnunuzi wa dagaa. Gunia halimdanganyi kwa sura. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anachota wale wa chini, anawasugua kiganjani kuona kama kuna mchanga, anatafuna mmoja, ndipo anauliza bei. Sasa mfuate mtu huyohuyo jioni akipanda kwenye maduka ya barabara ya Airport kumnunulia mwanawe joistiki. Anapewa boksi lenye picha ya ndege ya kivita, analitikisa mara moja, anasema "mwisho shilingi ngapi?" na pesa inatoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo wa jioni, ili akipigwa apigwe kitaalamu.

Anza na picha. Kadiri ndege iliyo juu ya boksi inavyobeba makombora mengi, ndivyo unavyopaswa kuamini kilichomo ndani. Usithubutu kumuuliza mtoto anarusha nini, kwa sababu jibu lake litakuharibia manunuzi. Huenda anarusha ndege za GTA San Andreas, gemu la mwaka 2004, ambamo mhusika mkuu, CJ, anapelekwa kwenye uwanja chakavu wa Verdant Meadows na hadithi haisogei mpaka afaulu mitihani 10 ya urubani. Wengi mtaani walijifunzia kurusha ndege hapo, kwa kibodi, vidole vikiuma. Au amehamia FlightGear, ambayo ni ya bure, au X-Plane, au ile Microsoft Flight Simulator ya 2020 inayochora ardhi kwa picha za satelaiti, hata ukipaa kutoka Mwanza unaliona ziwa lako na visiwa vyake. Hiyo ya mwisho inakula gigabaiti 100 hivi kabla hujaruka popote, kwa hiyo mzazi mwenye busara hupiga hesabu ya bando kwanza. Wewe usipige.

Ukishaingia dukani, subiri shikamoo. Kijana akishakuamkia, "Shikamoo mzee, karibu, hii OG imetoka Dubai juzi," utaona aibu kuomba kitu chochote cha kumkwaza, hasa kompyuta ya kujaribia. Hapo umekwisha.

Badala ya joistiki atakuletea padi, ile ya kushikwa kwa mikono miwili. Itakuwa nyepesi, yenye waya wa USB, na katikati yake kuna kitufe kidogo kilichoandikwa ANALOG pamoja na taa nyekundu. Usikiulize kitufe hicho. Taa ikiwa imezimwa, vile vijiti viwili vya dole gumba, ambavyo tunaviita analogi, huwa mapambo tu: kompyuta inakisoma kile cha kushoto kama mishale ya kibodi. Ukisukuma kidogo kwenda kushoto, ndege inapokea amri ya kulala kushoto yote. Ukirudisha, inapokea sifuri. Kati ya sifuri na yote hakuna kitu, na urubani wote uko hapo katikati. Mtoto atapaa, ataanza kuyumba kama aliyetoka kilabuni, atatumbukia ziwani karibu na Igombe, na wewe utasema watoto wa siku hizi hawana utulivu. Kuwasha taa ni kubonyeza kitufe mara moja. Padi nyingine zina kitufe na taa lakini ndani hakuna kinachobadilika, na hizo ndizo za kununua ukitaka kufuata mwongozo huu hadi mwisho.

Ikiwa bei ya mpya inakutisha, chukua iliyotumika. Muuzaji atasema imetumika Ulaya. Imetumika kweli, ila pengine kwenye banda la gemu mita 200 kutoka hapo, ikicheza mpira kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku. Hapa kuna siri nzuri ambayo mtu wa kupigwa hapaswi kuijua: kwenye gemu za mpira mchezaji anakimbizwa kwa analogi ya kushoto, basi hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Na kwenye Microsoft Flight Simulator, padi ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, ndege inalazwa, inainuliwa na kuinamishwa kwa analogi hiyohiyo ya kushoto. Ile ya kulia, ambayo bado ni nzima, kazi yake ni kuangalia mandhari.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka ukiwahi kukaa na fundi akifungua padi. Chini ya kila analogi kuna vibati viwili vyenye njia nyembamba ya kaboni, na juu yake kinapita kimguu cha chuma. Njia ikichubuka au ikishika vumbi, kompyuta inaambiwa kijiti kimesogea wakati dole halijagusa chochote. Ndege inaanza kulalia upande mmoja yenyewe. Fundi atasafisha kwa spirit, utapata wiki mbili za amani. Muuzaji yeye atakwambia "ni setingi tu, bosi", na hajadanganya sana: unaweza kuiagiza programu ipuuze msogeo mdogo wa katikati. Lakini msogeo mdogo wa katikati ndio unaotumika kutua. Kuna padi na joistiki zinazotumia sumaku na kihisi cha Hall badala ya kaboni, ambapo hakuna kinachosuguana kwenye kipimo chenyewe. Ukiliona neno Hall kwenye boksi, rudisha boksi haraka, lisije likakusaidia.

Kwa wapenda mtumba kuna zawadi kubwa zaidi: joistiki nzito, nzuri, ya Microsoft SideWinder. Ukiishika mkononi unajiona uko kwenye foleni ya kupaa. Geuza waya: kwenye ncha kuna plagi pana yenye meno 15 yaliyopangwa mistari miwili. Hiyo ni ya tundu la zamani la gemu ambalo kompyuta za leo hazina, na Windows yenyewe iliacha kulihudumia kuanzia Vista. Muuzaji asiyekubali kushindwa atakuonyesha tundu la skrini nyuma ya kompyuta, ambalo nalo lina meno 15, akwambie ni hilo. Tundu la skrini lina mistari mitatu. Usihesabu. SideWinder nyingine zilikuja na USB, na kama umeangukia hiyo, samahani, umepata mali.

Joistiki zikiwa zimekwisha, utauziwa usukani wa gari. "Ndege nayo si ina usukani, mzee?" Ina usukani, ndiyo. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania inao, ATR ya Precision Air inao, na hata Cessna Caravan zinazohudumia viwanja vidogo vya kanda hii zinao. Tofauti ni kwamba usukani wa ndege huzungushwa na pia huvutwa kifuani na kusukumwa mbele, maana pua ya ndege inainuka na kuinama kwa njia hiyo. Wa gari unazunguka tu. Utapinda vizuri sana ukiwa bado chini.

Basi nani anayetumia kijiti? Marubani wa Airbus, na A220 za Air Tanzania zimo. Nahodha anakaa kiti cha kushoto, kijiti chake kiko ubavuni, anakishika kwa mkono wa kushoto na wa kulia unabaki kwenye nguvu ya injini. Joistiki nyingi za dukani zimechongwa kwa kiganja cha kulia. Logitech Extreme 3D Pro, yenye vitufe 12, ni ya namna hiyo, nami siidharau hata kidogo: kitako chake kizito hakitelezi juu ya meza ya plastiki, ina wenzo wa nguvu ya injini, na ukiuzungusha mpini wenyewe unageuza usukani wa mkia, kitu kinachokuokoa upepo unapokupiga ubavuni wakati wa kutua. Thrustmaster T.16000M inaweza kubadilishwa ikakaa mkono wowote, na kipimo chake kikuu ni cha sumaku. Kwenye padi za bei ya chini usukani wa mkia huangukia vitufe vya begani, ambavyo vinajua mawili tu, kubonyezwa na kuachwa, basi mkia nao unatupwa wote kushoto au wote kulia.

  

Yapo mambo machache yatakayokuharibia mpango mzima wa kupigwa, kwa hiyo yaepuke. La kwanza ni kwenda na laptopu begani. La pili ni kuchomeka kifaa, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika joy.cpl, kisha kufungua ukurasa wa majaribio. Utaona mraba wenye alama ndogo ya msalaba ndani. Ukiwa hujashika kitu, msalaba unatakiwa utulie katikati. Ukisukuma kijiti nusu, uende nusu na kubaki hapo. Msalaba ukirukia ukingoni, umepewa mishale. Ukizungusha taratibu kando ya mraba, usikatike njiani. Ukiachia, urudi nyumbani mwenyewe. Kazi yote haizidi dakika mbili, na muuzaji mwenye mali halali hanuni. Anayenuna anakupa taarifa. Kumbuka kwamba ukutani nyuma yake pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na maandishi hayo ni ya kweli kuliko yote yaliyomo dukani.

Ukinibana nikupe ushauri wa mtu asiyetaka kupigwa, nitasema hivi: kwa anayeruka Jumapili tu, padi moja yenye analogi nzima inatosha, hata kama boksi lake halina ndege. Joistiki mnunulie mtoto akishamaliza miezi kadhaa bado anaruka. Usukani wa gari mwachie muuzaji.