Muziki Bure, Choo kwa Hela

Jamani, mtu akikwambia kitu ni bure, usikimbilie viatu. Muulize kwanza: bure mpaka wapi? Mimi nilipigiwa simu na shemeji Jumapili ya mwisho wa Agosti, chai haijapoa. "Shem, leo kanivali ya Notting Hill! Hakuna kiingilio!" Na mimi ukishaniambia hakuna kiingilio, hata huko kwenyewe siulizi ni wapi. Nikavaa viatu vya harusini, maana amesema sherehe.

Kanivali yenyewe ndiyo hiyo ya London, ya watu wa Karibiani. Wanaifanya barabarani tangu 1966. Siku mbili, watu zaidi ya milioni, kwenye mitaa ambayo nyumba moja inanunua kijiji chetu na ng'ombe wake. Wenye nyumba wengine wamepigilia mbao madirishani, wamesepa. Mimi kuona mbao nikamwambia shemeji turudi, kimbunga kinakuja. Akacheka mpaka akashika ukuta. Sijui anacheka nini. Mbao zile za nini sasa?

Stesheni ya karibu imefungwa kwa ajili ya umati. Tumeshukia ya mbali, tunatembea. Viatu vya harusini vinanifinya. Kila mtu ana raba. Kila mtu ana kichupa cha maji. Mimi nina tai.

Sasa hayo masaundi, yaani mitambo ya muziki. Mimi najua muziki wa nje ni vigodoro vyetu vya Dar: spika mbili chini ya turubai, kijana na laptop, jirani anatukana dirishani. Bwana wee! Hawa wanapanga maboksi ya mbao, moja juu ya jingine, ukuta mzima katikati ya nyumba za watu. Ziko saundi zaidi ya 30, kila kona na yake, tangu zilipoingizwa kwenye kanivali mwaka 1973. Unatoka kwenye rege, unakunja kona, unagongana na soka, ile ya kucheza siyo ya mpira. Hilo pia nimeelezwa na shemeji, nikiwa nimeshauliza nani anaongoza.

Besi ya pale haipiti masikioni. Inaanzia kwenye soli ya kiatu, inapanda gotini, inasalimia figo, inafika mdomoni. Mimi nina jino la bandia. Likaanza kutikisika. Nikafunga mdomo, likatikisikia ndani kwa ndani. Nimenunua kuku wa jerk, pilipili yake usiseme, bei yake ndiyo usiseme kabisa. Nimeweka sahani ya karatasi juu ya kiukuta nipulize midomo. Paja la kuku, mbele ya macho yangu, linatembea. Besi ikipiga, linasogea. Besi ikipiga, linasogea. Likafika ukingoni, likashuka. Watoto wawili wamesimama hapo wananiangalia, wamevaa hedifoni kubwa kuliko vichwa vyao. Wana akili hao. Wamekuja na muziki wao.

Pembeni kuna mzee mmoja wa Kijamaika, kofia ya sufu, fimbo mkononi, ananionea huruma. Akaanza kunipa somo. Kingston, miaka ya 1950, mtu wa kawaida hana hela ya dansi la bendi, na redio haipigi anachotaka. Basi akina Duke Reid na Coxsone Dodd wakatoa maspika nje, uwanja ukajaa. Ushindani ukawa mkali mpaka Coxsone anakwangua lebo za santuri zake ili mpinzani asijue ni wimbo gani. Kisha 1954 akaja Duke Vin, amejificha melini, akafika mitaa hii hii akaunda saundi ya kwanza ya Uingereza. Mimi natikisa kichwa kama nimeelewa. Kumbe ni besi inanitikisa.

Halafu akanitajia King Tubby. Fundi redio! Huyo alikuwa anachukua wimbo, anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza ngoma na besi na mwangwi, wakaita dabu, dunia nzima ikampigia saluti. Nikaduwaa. Mimi fundi redio wangu wa Manzese alinirudishia redio haina sauti ya mtu, inanguruma tu, nikamtukana mpaka na ukoo wake. Kumbe amenipa dabu.

Balaa lilianzia kwenye santuri. Wimbo umeanza, watu wameupenda, wanapiga kelele, wanagonga mabati. Jamaa wa mashine akainua sindano. Kimya. Akaanza upya. Kelele zikazidi. Akainua tena! Roho ikaniuma. Mashine yake yenyewe ni moja tu, ya pili bila shaka iko kwa fundi, na watu badala ya kumvumilia wanamzomea. Nikajipenyeza mpaka mbele kumpa moyo. Nikamwambia kaka, usijali, hata kwetu santuri hukwaruzika. Na kama hii imekufa, weka hata Msondo Ngoma.

Hakusikia. Aliyesikia ni mwenzake mwenye maiki. Akaniuliza naitwa nani. Nikataja jina la baba, la babu na la ukoo, kama niko uhamiaji. Akalirudia kwenye maiki. Jina langu, marehemu babu yangu asamehe, likatoka na mwangwi, likavunjika vipande, likapita kwenye ule ukuta wa maboksi, likaenda mtaa wa pili, likarudi limepungua silabi. Umati wote ukaanza kuliimba. Shemeji anarekodi. Video ilifika Tanga kabla mimi sijafika nyumbani.

Nikatoka kutafuta choo. Foleni ya vile vya bure inaanzia karne iliyopita. Kuna nyumba wameweka kibao mlangoni: choo, pauni kadhaa. Pauni! Nikalipa huku nimebana magoti. Ndani, huko msalani, besi iko. Maji ya kwenye sinki yanacheza. Mimi pekee ndiye sichezi.

Saa moja jioni masaundi yakazimwa yote. Sheria. Watu wanakumbatiana, wanaulizana mmeonaje. Mimi naona midomo inafunguka tu.

Basi wewe unayejiandaa na Agosti ijayo, mimi sikukatazi. Nenda, muziki ni bure kweli. Ila vaa raba, nunua viziba masikio, beba chenji ya choo, paja la kuku kalile ukiwa umelishika kwa mikono miwili. Na mwenye maiki akikuuliza jina, mwambie unaitwa John.