Mshika Mwavuli wa Magamba

Kamera yenye kinga ya mvua hutengenezwa na mafundi wa Japani kwa kuikadiria mvua wanayoijua wao, nayo mvua ya Magamba, ambayo haikupata kuulizwa rai yake, haioni sababu ya kuyafuata makadirio hayo. Huko juu ya Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, ambako msitu wa asili hupanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mbega huvaa makoti ya manyoya mwaka mzima bila ya mtu kuwacheka, maji hayana adabu ya kushuka kutoka juu peke yake: huja ubavuni pamoja na upepo, hupanda kutoka bondeni kwa sura ya ukungu, hudondoka majanini hata baada ya mvua kukatika, na aghalabu hukaa tu hewani yakimngoja mpita njia. Wakati wa masika mtu aweza kurudi nyumbani amelowa chapachapa akaapa, wala asiwe mwongo, kwamba hakunyeshewa.

Kwa ajili hiyo, shemeji yangu wa Magamba alipotangaza kuwa binti yake ataolewa mwezi wa Aprili, na kwamba kazi ya kupiga picha nimetunukiwa mimi, kwa kuwa naishi Tanga na watu wa pwani husadikiwa kuwa na jicho la mapambo, suala la kamera lilipelekwa mbele ya kamati ya harusi. Msomaji anazijua kamati za harusi za nchi yetu: zina mwenyekiti, katibu na mhazini, zina daftari la michango, na hapana jambo, hata idadi ya vijiti vya meno, liwezalo kupita bila ya kujadiliwa. Na kwa kuwa kamati ilikubali kuchangia sehemu ya bei, kila aliyetoa mchango alijiona ana hisa katika lenzi.

Katibu, kijana mwenye bidii, alikuwa amekusanya sifa za kamera ndogo za DSLR, zile zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, akazisoma kwa sauti kubwa. Alianza na Canon EOS 100D ya mwaka 2013, ambayo pamoja na betri na kadi yake ina uzito wa gramu 407 tu, na wajumbe wakausifu wepesi wake mpaka walipoambiwa kwamba haina kinga ya maji. Ikafuata Nikon D3200 ya mwaka 2012, yenye megapikseli 24, ambayo mzee mmoja aliiunga mkono papo hapo kwa hoja kwamba michango imetoka mingi na kwa hiyo megapikseli zisipunguzwe. Nayo pia ikabainika kuwa haina kinga. Kisha akaitaja Pentax K-30 ya mwaka huo huo, yenye megapikseli 16, iliyozibwa kwa raba 81, ambayo kwa kifuko cha ziada hukubali betri 4 za AA, zile zinazouzwa katika duka lolote pamoja na sabuni na kiberiti. Juu ya hiyo akaiweka K-S2 ya mwaka 2015, ambayo raba zake zimefika 100.

"Raba mia kwa kamera," akasema mhazini, akilifunga daftari lake, "na bibi arusi tumemnunulia mwavuli mmoja?"

Nikaomba ruhusa ya kueleza. Raba hizo, nikasema, ni pete na vipande vyembamba vilivyopachikwa chini ya vitufe, pembezoni mwa milango ya betri na kadi, na mahali ambapo sehemu za kasha zinakutana. Kazi yake ni kuyachelewesha maji, si kuyaharamisha. Fauka ya hayo, kasha lililozibwa likifungwa lenzi isiyo na pete yake ya raba katika maungio, huwa nyumba iliyokomewa madirisha yote na mlango ukaachwa wazi. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Shemeji peke yake alibaki na tashwishi.

"Shemeji, kamera hiyo ikinyeshewa, itapiga picha?"

"Itapiga, Shemeji."

"Na wewe ukinyeshewa?"

Swali hilo halikuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Likapitishwa azimio la kununua kamera iliyozibwa, ya mtumba, pamoja na lenzi iliyozibwa. Na muuzaji, ambaye jina lake nitalisitiri, akaleta kasha kama tulivyoagana na lenzi ya ukoo mwingine kabisa, isiyo na pete, jioni ya kuamkia harusi. Mwenyekiti akaamuru kwamba upungufu huo ufidiwe na kijana wa jirani, atakayeshika mwavuli juu ya kamera mwanzo hadi mwisho.

Siku yenyewe ukungu ulihudhuria kabla ya wageni. Ifahamike kwamba kamera inayojilengea yenyewe hutafuta mahali ambapo giza na nuru vinapakana, ishike hapo. Na ukungu huifuta mipaka hiyo yote. Bibi arusi alisimama kando ya msitu, kwa gauni jeupe, mbele ya weupe usio na mwisho, na lenzi ikaenda mbele ikarudi nyuma ikinung'unika, isimwone bibi arusi wala dalili kwamba amepata kuzaliwa, hatimaye ikatua juu ya tai nyeusi ya mpambe wa bwana arusi. Picha za tai hiyo tunazo nyingi, na kila uzi wake unaonekana. Kipima mwanga nacho, kilipoona weupe umetanda, kilidhani nuru imezidi, kikaipunguza, hata gauni walilogharimia mashangazi likatoka na rangi ya jivu. Nikaupandisha mwanga kwa mkono mpaka gauni likarudi katika weupe wake, na mashangazi katika furaha yao.

Kijana wa mwavuli alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Kitovu cha mwavuli kilikaa juu ya kamera barabara, na kwa hiyo ukingo wake ulikaa juu ya ukosi wangu. Tone lilikuwa likianzia juu, likiteleza taratibu katika ubavu wa chuma, likisimama kwenye ncha yake kana kwamba linafikiri, likinenepa, kisha likishuka baina ya shati na uti wa mgongo. Na kabla sijamaliza kushtuka, mwenzake alikwisha kuianza safari. Nikamwomba auvute mwavuli kidogo upande wangu.

"Mzee," akanijibu kwa heshima, "kamati imesema kamera."

Nikashuka kurudi Tanga na kikohozi, kamera ikiwa kavu kabisa, nimeifunga ndani ya sweta. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, na mtu huteremka kutoka majira mamoja akaingia katika mengine. Hapo Mombo, penye jua kali, abiria mwenzangu akataka kumwona bibi arusi. Nikaitoa kamera, na mbele ya macho yetu kioo cha lenzi kikafunikwa na umande, kwa sababu kilikuwa bado na baridi ya Magamba na hewa ya bondeni ilikuwa na joto na unyevu. Kamera iliyosalimika katika masika ikalowa juani. "Inatoka jasho," akasema abiria, kwa huruma. Dawa ni kuiacha ndani ya mfuko wake mpaka ipate joto polepole. Na kama unyevu umeingia ndani, raba zile zile huuchelewesha kutoka, na kuvu ya pwani haihitaji mwaliko wa pili.

Baada ya kuyapima yote hayo, naona kwamba kinga ya kamera tangu zamani ilikuwa ni mtu. Enzi za Mjerumani Walther Dobbertin, aliyepiga picha katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wake, vyombo vya kazi hiyo vilikuwa vizito, na wapagazi ndio waliovivusha mito. Baadaye wapiga picha wa harusi walijipatia kinga ya shilingi chache, mfuko wa rambo uliotobolewa tundu la lenzi, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Raba, ziwe 81 au 100, humpunguzia kazi mshika mwavuli, lakini hazimwachishi.

Kijana wetu aliwasilisha madai ya chakula, nauli na ujira, na mhazini, baada ya kuguna, akayaandika chini ya kichwa cha "Vifaa vya Kamera". Harusi nyingine ya ukoo imekwisha pangwa, pia katika masika, na katibu wa kamati mpya ameniandikia kuuliza kama kijana yule atapatikana. Habari za kamera hakuuliza.