Mrehani Umeninunia

*Bibi Mshauri, naishi Chuno, hapa Mtwara. Mrehani wangu ulistawi hadi majirani wakawa wanachuma bila hodi. Mvua zilipoanza ukageuka manjano. Naumwagilia kila jioni, nausemesha vizuri, wapi! Jirani mwenye mikorosho anataka kuupuliza salfa. Mume wangu anataka tuagize mbegu za nje zisizougua. Nimsikilize nani?*
*Mwenye Majani Manjano*

Mwanangu, usimsikilize yeyote kabla hujaligeuza jani. Kama juu pana umanjano unaoishia kwenye mishipa, na chini pana ukungu wa kijivu unaokaribia zambarau, huo ni ubwiri vinyoya. Jirani yako anaufahamu ubwiri unga, ule unaoacha unga mweupe kwenye maua na machipukizi ya mkorosho, na kweli salfa inauweza. Wa kwako ni wa ukoo mwingine kabisa, jamaa wa ugonjwa unaobabua viazi mviringo wakati wa mvua, na salfa haiutibu. Isitoshe, jani lililopakwa salfa utalila vipi? Mshukuru, mwambie arudi mikoroshoni.

Mumeo amesogea karibu zaidi na ukweli, ila asidhani ugonjwa huu umetoka mbali. Uliripotiwa Uganda miaka ya 1930 na hakuna aliyeshtuka. Ulipotokea Uswisi mwaka 2001, kisha Florida, Marekani, mwaka 2007, wakulima wa biashara wakaharibikiwa na ndipo dunia ikasikia. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Rutgers cha hukohuko Marekani kikatoa aina za mrehani zenye ukinzani. Watafiti wa Israel nao waliupata ukinzani kwa jamaa wa porini aitwaye Ocimum americanum, mmea unaojiotea barani Afrika. Kwa hiyo baadhi ya mbegu anazotaka kuagiza kwa gharama zina asili ya huku kwetu.

Lakini ukinzani haumaanishi kutougua. Ushahidi hauko mbali: kituo cha utafiti cha Naliendele kimezalisha miche ya korosho inayohimili ubwiri unga, na wakulima walioipanda bado hupuliza salfa msimu ukifika. Mche unapunguza makali, mkulima anamalizia. Kwa mrehani, kazi ya mkulima ni kuzuia majani yasilale na maji, kwa sababu ukungu huu huzaliana usiku, gizani, jani likiwa bichi kwa unyevu. Sasa tazama: hewa ya Mtwara ina unyevu wa bahari, mvua inanyesha, nawe jioni unaongezea ndoo juu ya majani. Hata mbegu ya Rutgers ingelalamika. (Wale wa Israel walionesha pia kwamba kuwasha taa usiku huzuia ukungu usizaliane. Tafadhali usimalize umeme wa Luku kwa ajili ya mrehani.)

Mwagilia asubuhi. Utasema asubuhi huna nafasi. Basi mwaga jioni, ila shinani, jani lisiguswe. Punguza pia matawi. Utasema ukiyakata mmea utakufa. Hapana: kata juu kidogo ya kifundo chenye jozi ya majani, na hapo yatachipua matawi mawili badala ya moja, kichaka kinabaki wazi, upepo unapita, umande unakauka mapema. Anayesubiri hadi mrehani usongamane ndipo avune, anaulisha ukungu. Panda kwa nafasi ya futi moja, kata kabla ya maua, na majani yaliyokwisha kuugua yatoe yakiwa makavu, uyafukie mbali na bustani. Kama maua unayahitaji kwa kikuba, acha shina moja pembeni lichanue. Na anayekushauri uhamie kwenye kivumbasi, muulize kama amewahi kukila. Harufu yake inafaa zaidi kufukuza mbu kuliko kuungia mchuzi.

Chunguza pia kama kuna shina lililobaki kijani wakati mengine yanaugua. Likionekana zima kabisa, chukua vikonyo vyake, vitie kwenye glasi ya maji hadi vitoe mizizi, uvipande. Kikonyo hurithi tabia yote ya mama yake, jambo ambalo mbegu haiahidi. Mumeo aagize akipenda. Wewe lete mkasi, na kesho umwagilie asubuhi.