Namna ya Kuongea Kiingereza cha Roketi Bila Kusomea Roketi

Usinunue kamusi. Maneno ya fani hii ni mengi mno na wewe una jioni moja tu. Kesho roketi inarushwa, watu watajikusanya kuzunguka simu ya mwenzao mmoja, na kila kundi la namna hiyo lazima liwe na mjuzi wake. Uwe wewe. Maneno kumi na kitu yanakutosha, mradi ujue yanafanya kazi gani na uyatoe kwa wakati wake.

Kwanza: acha kusema "fuel"

Hakuna njia ya mkato yenye faida kuliko hii. Wote watasema "fuel". Wewe sema "propellant". Mafuta peke yake ni nusu ya habari: moto hauwaki bila oksijeni, na huko juu hewa hakuna, kwa hiyo roketi huondoka na oksijeni yake, imepozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri ikawa kimiminika. Mafuta ni "fuel", kinachoyawezesha kuwaka ni "oxidiser", na vyote viwili kwa pamoja ndivyo "propellant".

Wakikutazama kwa mashaka, watajie Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969. Sehemu yake ya chini ilijazwa oksijeni ya kimiminika na mafuta ya taa, jumla zaidi ya tani 2,000, na zote ziliteketea kwa dakika mbili na nusu hivi. Mafuta ya taa! Ni yale yale ya kandili, ila yamesafishwa zaidi. Liseme hilo taratibu, halafu nyamaza, waache walimeze.

Pili: nyoosha ulimi kwenye "thrust"

Hiyo "th" ni ile ya thamani na thelathini, kwa hiyo Mswahili hana kisingizio. Ukiitamka "trust" utakuwa unazungumzia uaminifu, na kwa uaminifu roketi haipai. "Thrust" ni msukumo: injini inatema gesi chini kwa kasi kubwa, na gesi ile katika kutoka kwake inaisukuma roketi upande wa pili. Jaza puto pumzi, liachie, utaliona jambo lenyewe.

Sasa jihadhari. Atatokea mtu aseme roketi hupanda kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake, kwa hiyo pasipo na hewa haiendi. Usimcheke. Mwambie kwa upole kwamba amekosea pamoja na wakubwa. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimsimanga Robert Goddard kwenye tahariri, kana kwamba mwanasayansi huyo hajui hata fizikia ya darasani, kwa sababu aliamini roketi itafanya kazi mahali pasipo hewa. Goddard hakubishana sana. Tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, Massachusetts, alirusha roketi ya kwanza duniani ya propellant ya kimiminika. Ilipanda mita 12 hivi, ikaanguka shambani. Gazeti lilikuja kujisahihisha tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini, na Goddard alikuwa ameshafariki tangu 1945. Mimi kisa hiki kinaniuma kila nikikisimulia. Nawe kisimulie. Kitakukinga na maswali ya hesabu, na mtu yule ataondoka amejua kitu.

Tatu: "stage", na usiongeze

Roketi ni vipande vilivyopandana, kila kimoja na injini yake. Kikimaliza propellant yake kinadondoshwa, maana hakuna sababu ya kubeba tangi tupu. Ukiona kipande kimejitenga, sema "stage separation", kisha funga mdomo. Kinachobebwa kule kileleni, iwe setilaiti au watu, ni "payload".

Nne: usichanganye "rocket" na "missile"

Hapa wengi huumbuka, kwa kuwa taarifa za habari zinatuletea makombora kila siku na kuyaita yote jina moja. Shika hivi. "Rocket" inakueleza kitu kinajisukuma vipi. "Missile", kwa matumizi ya leo, ni silaha inayoongozwa hadi ilipolengwa. Ndiyo maana "cruise missile" inaweza kuruka njia nzima bila roketi: ina mabawa, ina injini ya jeti inayovuta hewa ya nje, inapita chini chini kama ndege. "Ballistic missile" husukumwa na roketi dakika chache za mwanzo tu. Injini ikizima, kombora huchora upinde mkubwa angani na kurudi chini kwa kuvutwa na dunia.

Kwa hiyo mtu akianza kusimulia kombora fulani, mwulize swali moja: "Cruise or ballistic?" Mara nyingi hatakuwa na jibu, na uenyekiti wa baraza umeshauchukua. Kuhusu matamshi, Waingereza husema "misail" na Wamarekani "misol". Chagua moja, usihamehame. Ila kwenye mada hii punguza mbwembwe. Kichwa cha kombora, "warhead", kinaangukia nyumba za watu, na huenda miongoni mwa wanaokusikiliza yumo mwenye ndugu huko.

Tano: "nominal"

Mkazo uweke mwanzoni: NO-minal. Mazoea yetu yatakuvuta useme no-MI-nal, nawe ukatae. Maana yake ni kwamba kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa, na mtangazaji wa urushaji atalirudia neno hili mara nyingi. Akilitamka tu, litamke nyuma yake kwa sauti ya chini huku ukiitikia kwa kichwa. Watu watadhani mmeona kitu kimoja kwenye mitambo.

Sita: mambo yakiharibika

Urushaji ukiahirishwa, sema "scrub". Roketi ikilipuka, neno "explode" waachie wengine. Wewe sema "anomaly". Na ukitaka kuhitimu kabisa, kariri maneno matatu: "rapid unscheduled disassembly", yaani kusambaratika ghafla kusikokuwamo kwenye ratiba. Ndivyo kampuni ya SpaceX ilivyoeleza yaliyoikuta roketi yake ya Starship tarehe 20 Aprili 2023, dakika nne hivi baada ya kuruka. Fanya mazoezi mbele ya kioo. Ukikwama kwenye "disassembly", rudi kwenye "anomaly" bila aibu.

Saba: wakikubana, kimbilia Ngomeni

Atakuwepo mmoja aliyesoma, atakuuliza mlinganyo wa roketi wa Tsiolkovsky wa mwaka 1903. Usijaribu. Mwambie mambo hayo tunayo nyumbani: baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, lipo jukwaa la San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988 kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, yenye stage nne, zote za propellant ngumu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, iliruka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina Uhuru.

Kisha geuza wewe uwe mwuliza maswali: kwa nini wazungu wasafiri mpaka Ngomeni? Akiwa bado anafikiri, jibu. Pale ni karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea upande huo inaondoka na kasi hiyo bure kabla injini haijawaka. Mbele yake ni Bahari ya Hindi, na stage zikidondoka hazimwangukii mtu.