Jinsi ya Kuuza Fainali: Mwongozo kwa Vijana wa Nyamongo

Kiangazi kikiingia Nyamongo, viwanja vya shule havipumui. Kerende wanataka kuwafunga Nyangoto, Kewanja wanataka kuwafunga wote wawili, na bingwa huondoka na mbuzi, au na ng'ombe kama mfadhili ni mkarimu. Penye fainali hakosekani mtu wa pembeni, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, anayemvuta beki chini ya mti na kumwambia kwamba mechi hii ina bei. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo beki. Unaeleza namna fainali inavyouzwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mnunuzi huwa anaeleza hatua ya kwanza tu.

Walimu wetu ni wachezaji wanane wa Chicago White Sox, timu ya besiboli ya Marekani, waliouza fainali ya mwaka 1919. Hakuna waliouza mechi kubwa kuliko ile, na hakuna ambao hesabu yao imeandikwa kwa ukamilifu kama wao.

Anza na timu bora. Timu mbovu haina mnunuzi, maana kila mtu anajua itafungwa na mkeka wake haulipi. White Sox walikuwa mabingwa wa mwaka 1917, na mwaka 1919 walikuwa wamerudi fainali wakiwa ndio wanaotegemewa na wengi. Fainali yenyewe, inayoitwa World Series, ilianza mwaka 1903, pale bingwa wa ligi kongwe, Pittsburgh, alipokutana na bingwa wa ligi changa, Boston, na Boston akashinda michezo mitano kwa mitatu. Mwaka uliofuata haikuchezwa, kwa sababu wakubwa wa New York Giants wa ligi kongwe waliiona ile ligi changa haistahili kusimama nao uwanja mmoja. Ilirudi mwaka 1905. Mwaka 1919 iliamuliwa kwamba anayefikisha ushindi wa mara tano ndiye bingwa, na wapinzani wa White Sox walikuwa Cincinnati Reds.

Kwa asiyeijua besiboli: mmoja anarusha mpira, mmoja wa upande wa pili anajaribu kuupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Mrushaji ndiye roho ya timu. Ukimpata mrushaji, umeipata nusu ya mechi. Basi walionunua walimtaka Eddie Cicotte, aliyekuwa ameshinda michezo 29 msimu ule, na Lefty Williams, aliyekuwa ameshinda 23.

Baada ya hapo tafuta kinyongo. Watu hudhani anayeuza mechi ni mwenye njaa, na hadithi ya White Sox imesimuliwa hivyo kwa miaka mingi: tajiri wao, Charles Comiskey, alikuwa bahili, wachezaji wakachoka. Lakini mishahara ya timu ile ilikuwa miongoni mwa mikubwa katika ligi nzima. Kilichowauma ni jambo jingine. Mkataba wa zama zile ulimfunga mchezaji kwa tajiri mmoja. Hakuweza kuhamia timu nyingine hata kama ingempa mara mbili. Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora waliowahi kushika gongo, mtoto wa viwanda vya pamba vya South Carolina ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alilipwa dola 6,000 kwa mwaka na hakuwa na pa kwenda kudai zaidi. Nyamongo tunakijua kinyongo cha mtu anayeona mali ikipita mbele ya mlango wake. Ni kinyongo cha haki. Mnunuzi wa mechi anakijua pia, na huanza maongezi kwa kukipa pole.

Sasa bei. Wachezaji waliahidiwa jumla ya dola 100,000. Nitaieleza kwa kipimo tunachokielewa hapa. Wakati ule wakia moja ya dhahabu ilikuwa na bei rasmi ya dola 20 na senti 67 huko Marekani, kwa hiyo ahadi ile ilikuwa na thamani ya takriban kilo 150 za dhahabu. Cicotte alidai chake kabla ya mchezo wa kwanza, akazikuta dola 10,000 chini ya mto wake hotelini. Hizo ni kilo 15. Baadaye alieleza kwamba alifikiria mke wake, watoto wake na deni la shamba, na mimi namwamini. Watu wengi wanaouza kitu kisichouzika huwa wana sababu nzuri.

Siku ya mchezo toa ishara. Tarehe 1 Oktoba 1919, mjini Cincinnati, Cicotte alirusha mpira wake wa pili ukampiga mgongoni mpigaji wa kwanza wa wapinzani, Morrie Rath. Wacheza kamari waliokuwa wakisubiri habari hiyo wakajua mambo ni tayari. White Sox walifungwa 9 kwa 1. Maelfu ya watu walikuwa wamelipa kiingilio kuangalia mchezo ule, wakashangilia, wakasononeka, wakabishana. Nyamongo tumeziona nyumba za tegesha, zinazojengwa ili kusubiri fidia ya mgodi: kuta zipo, bati lipo, mlango upo, na hakuna aliyewahi kulala ndani yake. Ile fainali ilikuwa nyumba ya namna hiyo, na watazamaji ndio pekee waliodhani kuna mtu anaishi humo.

Kisha jiandae kudhulumiwa. Hatua hii mnunuzi haitaji kabisa. Fedha ilitakiwa kuja kidogo kidogo baada ya kila mchezo, na ilichelewa, ikapungua, ikaishia mikononi mwa wachache. Jackson aliahidiwa dola 20,000 akapewa 5,000. Angemshitaki nani? Anayeuza mechi hana risiti wala shahidi, na hana hata haki ya kupiga kelele.

Tuipige hesabu yake polepole, kwa sababu ndiyo inayoniumiza kuliko yote. Kila mchezaji wa Cincinnati alipata mgawo wa bingwa wa dola 5,200 na kidogo. Kila mchezaji wa White Sox alipata mgawo wa mshindwa wa dola 3,250 hivi. Jackson angeshinda kwa haki, angeondoka na 5,200. Kwa kushindwa na kuhongwa aliondoka na 8,250. Faida ya kuuza fainali ya dunia ikawa dola 3,000 na ushee, nusu ya mshahara wake wa mwaka mmoja. Kwa fedha hiyo alitoa kazi yake yote iliyobaki, naye alikuwa bado anacheza vizuri kuliko karibu kila mtu aliye hai.

Utakutana pia na mtu asiyenunulika, na kwa huyo muuzaji hana dawa. White Sox walikuwa na mrushaji mfupi wa kimo, Dickie Kerr, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kwenye ligi ile. Alipangwa mchezo wa tatu akashinda. Alipangwa mchezo wa sita akashinda tena, huku nyuma yake wamesimama wenzake waliokwishalipwa ili washindwe. Nampenda Kerr kuliko mchezaji yeyote wa fainali ile. Kwenye kila timu ya kijiji yupo mmoja kama yeye, kwa kawaida mdogo kuliko wote, na ni wajibu wa kamati kumjua kwa jina.

Hata hivyo fainali ilikwisha tarehe 9 Oktoba, Cincinnati wakishinda michezo mitano kwa mitatu. Lefty Williams alikuwa amepoteza mitatu peke yake.

Ukishauza, nyamaza. Kunyamaza kunahitaji watu wanane wasiolewa, wasiogombana na wasioota ndoto mbaya, kwa miaka yote iliyobaki. Kimya cha White Sox hakikumaliza mwaka. Septemba 1920 baraza la mashitaka la Chicago lilikaa, Cicotte akakiri, Jackson akafuata. Timu ilikuwa inawania ubingwa tena wakati huo huo; Comiskey akawasimamisha waliotajwa, na Cleveland wakauchukua.

Hapa nataka nimweke mbele yako Buck Weaver. Alihudhuria vikao walivyopanga, akasikia yote, kisha hakuchukua hata senti. Alicheza fainali ile kwa nguvu zake zote na hesabu ya mapigo yake inathibitisha. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mtu. Wenzake walikuwa marafiki zake, na rafiki hachomewi utambi. Adhabu yake ikawa ile ile ya waliokula, akaomba kusamehewa tena na tena hadi alipofariki mwaka 1956, na hakusamehewa. Mimi naona adhabu ya Weaver ilizidi kosa lake. Lakini kijana wa Nyamongo anayejua kwamba kipa wao ameshapokea kitu, akaamua kucheza kwa bidii na kufunga mdomo, anatakiwa aelewe kwamba anaiweka timu nzima kwenye mikono ya yule kipa.

Mahakama? Wapo wanaosema mahakama ndiyo mwisho wa kesi. Saba kati yao, waliofikishwa kizimbani, waliachiwa huru tarehe 2 Agosti 1921, baada ya karatasi za kukiri kwao kupotea. Walisherehekea usiku ule. Kesho yake Kenesaw Mountain Landis, jaji aliyekuwa amekabidhiwa mamlaka ya kusimamia besiboli yote, alitangaza kwamba hakuna hukumu ya baraza lolote itakayomrudisha uwanjani mchezaji aliyeuza mchezo, au aliyekaa na wauzaji akanyamaza. Wote wanane wakafungiwa maisha. Jina la Jackson liliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025, alipokuwa amekwisha kuzikwa zaidi ya miaka 70. Timu yao haikubeba tena World Series hadi mwaka 2005.

Kama unadhani hayo ni ya Wamarekani wa zamani, panda basi uende Geita, mji wa dhahabu kama wetu. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi lao la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wanagombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. Geita wakaifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Kamati ya nidhamu ya TFF ikaona matokeo yamepangwa, ikazishusha daraja timu zote nne, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Mbao hao, ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu, mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho wakakutana na Simba pale Dodoma, wakafungwa 2 kwa 1 wakiwa wamesimama wima. Geita waliingia Ligi Kuu mwaka 2021. Miaka mitano ya wachezaji, na mchezaji wa mpira hana miaka mitano ya kutupa.

Umeona njia inakokwenda. Anayetaka kuifuata baada ya hapo ameelewa bei yake. Asiyetaka, yaani beki wetu chini ya mti, nampa maneno machache ya kazi. Mtu akikuita pembeni kabla ya fainali, mwite na nahodha wako palepale. Biashara hii haivumilii sikio la pili. Akikupa fedha, usiichukue kwa nia ya kumdhulumu baadaye, maana ukishaipokea amekwisha kukununua, ucheze vibaya au vizuri. Na kumbuka kwamba namba ya bure ya TAKUKURU ni 113, inapigwa hata na simu ya vitufe.

Kwenu kamati, wazee wangu na ndugu zangu, kazi ni kubwa zaidi. Msimlipe refa nyuma ya darasa. Mlipeni katikati ya uwanja, watu wakiona, kabla ya filimbi. Someni majina ya wachezaji kwa sauti ili mamluki ajulikane kabla hajavaa jezi. Mbuzi wa zawadi afungwe mahali watoto watakapomwona tangu asubuhi, asiwe ahadi ya mfadhili ambaye simu yake imezimwa. Na mjumbe wa kamati aliyeweka mkeka kwenye mechi hiyo aondoke kwenye meza ya kamati siku hiyo hiyo, hata kama ni yeye aliyenunua mipira. Fanyeni hayo msimu huu, kabla ya robo fainali, wakati bado hakuna aliyepiga bei.