Mimi na Zimwi la Chumvi

Tabibu aliponipima damu mwezi wa Rajabu uliopita, akaona mshale wa kipimo chake umepanda hata mahali ambapo, kwa kauli yake, mshale wa mtu wa makamo yangu hauna haki ya kufika, aliniandikia vidonge vya namna mbili, akaniusia nitembee kila alfajiri, kisha akamgeukia mke wangu, wala si mimi mwenye mwili, akamwambia kuwa chumvi katika chakula cha mzee huyu ipunguzwe. Neno alilotumia lilikuwa kupunguza. Lakini tangu hospitali hata nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mwendo wa nusu saa kwa miguu, neno hilo lilikwisha kugeuka likawa kukomesha. Na jioni ile ile kopo la chumvi liliondolewa mezani likahamishiwa kabati la juu jikoni, nyuma ya makopo mengine, mfano wa mahabusu asiyeruhusiwa kuonana na jamaa zake.

Nayatanguliza haya kabla ya kuitaja sinema yenyewe kwa sababu mtu akitaka kutoa rai juu ya mchezo aliouona, ni haki wasikilizaji wake wajue kwanza alikuwa amekula nini.

Aliyeileta sinema ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, kijana wa chuo ambaye, badala ya kupenda vitu vya rika lake, ameshikwa na mahaba ya michezo ya televisheni iliyotengenezwa kabla mama yake hajazaliwa. Alifika Ijumaa baada ya Isha, akachomeka flashi nyuma ya televisheni, akasema, "Mjomba, leo nimekuletea kitu cha Wamarekani chenye Kiswahili ndani yake." Mchezo huo ni Star Trek, hadithi ya mabaharia wasafirio baina ya nyota kwa chombo kiitwacho Enterprise, na sehemu aliyoichagua inaitwa The Man Trap, ambayo ndiyo iliyotangulia kuonyeshwa na stesheni ya NBC, Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966. Haikuwa ya kwanza kutengenezwa. Wakubwa wa stesheni waliipa nafasi ya mbele kwa kuwa ina zimwi, na zimwi, huko kama huku, huita watu upesi kuliko falsafa. Hata hivyo gazeti la Variety lilibashiri kuwa mchezo huo hautafaa, na kwa muda ubashiri ule ulionekana una kweli, maana baada ya miaka mitatu na sehemu 79 ulifutwa. Walakini leo waliobashiri hawakumbukwi, na mpwa wangu, aliyezaliwa Tanga, anaujua kwa moyo.

Tulikuwa watu sita. Alikuwapo shangazi yangu, aliyeupita mwaka wa themanini na husikia yale tu apendayo kusikia, mke wangu, mkwe wetu, mke wa mwanangu, jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye tangu astaafu hana tena wa kumsahihisha ila sisi, mpwa wangu, nami. Tulikuwa tumekwisha kula. Wenzangu walikula mchuzi wa nguru kwa nazi, mimi nikala nguru yule yule kwa maji.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Nahodha Kirk na Daktari McCoy wanashuka katika sayari kavu kumpima afya profesa mmoja mchimbaji wa magofu, Crater kwa jina, pamoja na mkewe Nancy, ambaye zamani alikuwa kipenzi cha daktari. Wanaume watatu wanamtazama mwanamke mmoja, na kila mmoja anaona wake: daktari anamwona binti yule yule aliyeachana naye miaka mingi, hana hata mkunjo; nahodha anamwona mama mtu mzima aliyeanza mvi; na baharia kijana anamwona kisura wa nywele za dhahabu aliyepata kumjua katika sayari nyingine ya anasa. Nancy halisi amekwisha kufa siku nyingi. Huyu wa sasa ni zimwi, la mwisho katika ukoo wake, lenye kipaji cha kuvaa sura ambayo moyo wa mtazamaji unaitamani, na riziki yake ni chumvi. Likiikosa katika sahani huifyonza katika miili ya watu, likawaacha maiti na alama za duara nyekundu usoni.

"Basi si wampe?" nikauliza.

"Nani ampe?" akajibu mke wangu, asiondoe macho kwenye televisheni. "Amekwisha kuua watu."

Nikamkumbusha kuwa profesa, tangu wageni walipowasili, hakuwa na haja nao yoyote ila chumvi, na lau chombo kizima chenye maghala yake kingetoa magunia mawili bila ya maswali, mabaharia wale wangalikuwa hai. Mwalimu akanikata kauli akisema kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Nikamwuliza kama shirika hilo lina mpaka wa mazimwi. Akanyamaza, lakini kwa namna ya mtu anayekusudia kwenda kutafuta.

Ikaja sehemu iliyotukusanya. Katika chombo kile yumo afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, bibi mweusi wa Kimarekani, na jina hilo limetoka katika neno letu uhuru. Yeye mwenyewe alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, inayohusu Kenya. Herufi ya mwisho ikabadilishwa ili jina lilainike, lifae mwanamke. Mpwa wangu alipoeleza haya, shangazi alitaka kujua ni nani aliyewaambia Wamarekani kuwa uhuru una jike na dume.

Bibi yule, akiwa kazini na amechoshwa na ukimya wa anga, anamsihi Bwana Spock mwenye masikio ya ncha amsimulie jinsi kwao kunavyopendeza jioni ya mbalamwezi, na Spock anamjibu kwa adabu kavu kuwa kwao hakuna mwezi. Shangazi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Huyu hata akija na mahari ya dhahabu," akasema, "msimpe mtoto." Kwa hiyo haikutushangaza kuwa, muda mfupi baadaye, zimwi linamtokea Uhura njiani katika sura ya kijana mweusi mtanashati, likimwambia kuwa yeye ndiye aliyekuwa katika fikira zake, kisha likamsemesha Kiswahili.

Sebule ikatulia. Mpwa wangu akarudisha nyuma, tukasikiliza mara ya pili. Akarudisha tena, tukasikiliza mara ya tatu. Lafudhi ilikuwa ya ajinabi, nayo ilipita upesi, na waja sita wenye lugha yao waliomeza maneno yale yale kila mmoja akatoa tafsiri yake. Shangazi alishikilia kuwa ni Kingazija. Mkwe wetu alisikia maneno ya mapenzi, akajifunika uso kwa mtandio. Mwalimu alisikia kosa la upatanisho wa ngeli. Mke wangu alisikia uongo, akasema mwanamume anayeanza kwa sauti laini namna ile ana jambo alitakalo. Nami, Mola anisamehe, nilisikia mtu akiomba chumvi.

Mpwa wangu, ambaye hucheka mahali wenziwe wanapoogopa, alitukumbusha tutazame ua katika chumba cha mimea cha baharia Sulu, ambalo linatikisika na kulia kwa kuwa ndani yake mna mkono wa mtu uliovaa glovu. Akaongeza kisa nilichokipenda kuliko mchezo wenyewe. Kwa ajili ya sehemu ile zilikusanywa chupa za mezani za kunyunyizia chumvi, za maumbo ya kigeni, ili zifanane na zama zijazo. Zilipotazamwa ikaonekana ni za kigeni mno, mtazamaji hatajua kuwa ni za chumvi, basi zikatumiwa za kawaida, na zile za ajabu akapewa Daktari McCoy ziwe zana zake za matibabu.

"Kwa hiyo," nikasema, nikimtazama mke wangu, "daktari yule aliwatibu watu kwa chupa za chumvi miaka mitatu mizima, wala hakuna aliyeugua presha."

Hakucheka. Na hapo hapo, zimwi likiwa limesimama chumbani kwa daktari katika sura ya Nancy na nahodha yu mlangoni, umeme ukakatika.

Ukatikaji huo haukuwa wa mtaa, maana taa za jirani ziliwaka. Ulikuwa wetu peke yetu, na kwa usahihi zaidi ulikuwa wangu. Alasiri nilikuwa nimepewa fedha nikanunue umeme wa luku, na katika njia ile ile, kwa hulka ya ulimwengu, yupo mchuuzi wa pweza wa kuchemsha, mwenye bakuli la pilipili na bakuli la chumvi. Nikanunua umeme kwa chenji iliyobaki. Mpwa wangu akaanza kulipia kwa simu. Mimi nikasema naenda jikoni kutafuta mshumaa.

Sikutafuta mshumaa. Nilipanda juu ya kigoda, nikapapasa kabati la juu hata nyuma ya makopo, nikalipata kopo kwa ukubwa wake, nikatia vidole, nikasikia chembe zile ngumu nilizozikosa tangu Rajabu, nikachota konzi ndogo nikatia kinywani kwa pupa ya mtu aliyefunga mwaka.

Yalikuwa magadi. Magadi ya kuivishia maharage, yaliyosagwa vizuri. Asiyepata kuyala hivi hivi na afikiri sabuni, chokaa na majuto, vyote kwa pamoja, vikipanda puani. Nikataka kutema, nisione pa kutemea. Na katika fadhaa hiyo kijana kule sebuleni akamaliza kubonyeza zile tarakimu ishirini, nyumba ikawaka nuru, nami nikaonekana juu ya kigoda, kopo mkononi, machozi yakinitiririka na duara jeupe limezunguka midomo.

Tukarudi kumaliza sinema, kwa kuwa hakuna aliyejua la kusema. Spock alilipiga zimwi mapigo ya mikono miwili ili kumwonyesha daktari kuwa si mwanamke. Likamtupa ukutani kwa pigo moja. Sura ya kweli ikatoka, mikunjo na kinywa cha duara, daktari akafyatua silaha, kisha likarudi kuwa Nancy likamsihi, akafyatua tena. Mwalimu akaeleza habari za nyati wa Marekani, waliokuwa mamilioni wakauawa hata wakakaribia kwisha, maana ndio nahodha aliokuwa akiwafikiri mwishoni. Shangazi yeye alikuwa bado kwa profesa. "Maskini," akasema, "aliamini kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Mimi nililia mchezo wote uliosalia. Mwalimu alidhani ninawalilia nyati, mkwe wetu alidhani ninalililia penzi la daktari, nami sikuweza kuwasahihisha, kwani ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Watu walipoagana, mke wangu akaniita kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amenyoosha mkono, na katika kiganja chake mlikuwa na kipande cha ndimu kilichonyunyizwa chumvi. Nilikuwa nimetoka kuona nahodha akinyoosha kiganja namna ile ile, chenye vidonge vya chumvi, na nilijua kilimfikisha wapi aliyekifuata. Nikaenda hivyo hivyo.